Komeo la Nje

6 Februari

Kwa mjukuu wangu Chiriku,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila magoti hayana adabu, na mkaa wa siku hizi una moshi kuliko moto. Hali yako sikuulizi, umeshaniandikia mwenyewe.

Barua kaileta yule dereva wa gari la mikate. Nimeisoma polepole, kwa sababu miwani yangu ina mkono mmoja na mwandiko wako unakimbia kama umefukuzwa. Umeondoka kwa mumeo. Umepanga chumba nyuma ya bekari unakofanya kazi. Unakwenda mahakamani kudai talaka, na wakili huna, utajisemea mwenyewe. Halafu huko chini kabisa, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani, unaniomba nikutumie cheti cha ndoa kilichomo sandukuni mwangu.

Sikutumii.

Kwanza nijibu. Anakupiga? Kulewa halewi, najua, maana kila Jumapili anakuja hapa kunisalimia na pumzi yake naisikia. Ana kazi ya mikono yake. Mtaa mzima huu ni mimi peke yangu mwenye geti la chuma mlangoni, lenye nakshi ya ua katikati, na ni yeye aliyelichomelea, hakutaka hata asante. Watu wanaoniletea nguo za kupiga pasi hulishikashika kwanza ndipo wabishe hodi. Mimi naolewa na babu yako mlango ulikuwa gunia.

Unasema komeo la mlango wenu liko nje. Sasa? Na mwizi si yuko hukohuko nje? Ulitaka komeo likae wapi, juu ya bati?

Na hili la kujisemea mbele ya hakimu ndilo limenichekesha na kuniudhi kwa pamoja. Wewe mtu ukitumwa nyanya sokoni unarudi na zilizooza, ukiulizwa unasema ulimwonea muuzaji huruma. Hakimu utamwambia nini? Ulipokuwa mtoto ulikuwa unapiga kelele mpaka tukakuita Chiriku. Tangu uolewe ukija hapa unakaa kama umemeza kijiko.

Rudi kwako. Kama kuna neno, njoo na mumeo, niwakalishe wote wawili mbele yangu mseme.

Habari ya kutonipigia simu, eti kwa sababu simu hii alininunulia yeye na kila Jumapili huichukua "kuifanyia usafi", hayo nayo ni maneno. Lakini sawa, tuandikiane. Darasa la tatu nililifikia kwa kazi gani basi.

Bibi yako

*

11 Februari

Shikamoo Bibi,

Pole na magoti. Mimi sijambo. Chumba ni kidogo. Ukuta mmoja ni wa bekari, una joto usiku na mchana, ukiugusa ni kama umegusa ubavu wa ng'ombe. Baba mwenye nyumba ni mzee mwenye masikio mazito, anafuga bata.

Umeuliza kama ananipiga. Hapana. Hajawahi kuniinulia mkono. Ndiyo maana imenichukua muda mrefu kujua nilisemeje.

Asubuhi akienda karakana anasukuma komeo kwa nje, anatia kufuli, anaondoka na ufunguo. Nikiwa na zamu ananipeleka bekari na kunifuata. Akichelewa kunifungulia nachelewa kazini, nikikaripiwa kazini yeye anasema basi acha kazi. Madirisha yana nondo, kazi ya mikono yake hiyohiyo unayoisifia. Siku zile ulipokuja kwetu komeo hakulifunga, kwa sababu ulikuwa mgeni.

Mwaka jana jiko la jirani lilishika moto. Moshi ukaingia kwetu. Nikasikia watu wanakimbia na ndoo, nikagonga mlango kwa sufuria mpaka sufuria ikabonyea. Walikuja, wakalitikisa lile kufuli, wakaliacha. Nililala chini, nikaweka pua kwenye uwazi ulio chini ya mlango. Moto ulikwisha zimwa alipofika. Akafungua, akanikuta pale sakafuni. Unajua alisema nini, Bibi? Aliupigapiga mlango kwa kiganja akasema, "Umeona? Hata moto haukuupita."

Alikuwa anausifu mlango.

Mahakamani nimekwenda mwenyewe. Karani wa dirisha la mashauri ya ndoa ni mtu mnene, anaongea taratibu. Akaniuliza, "Wakili wako nani?" Nikasema, "Mimi." Akacheka. Akauliza tena, nikamwambia tena mimi. Akaacha kucheka, akanipa karatasi, akanionyesha pa kuandika. Nilipozirudisha, kwenye sababu nilikuwa nimeandika tu kwamba hatuelewani. Akaniambia, "Dada, hata mimi na mke wangu hatuelewani. Hakimu atataka kujua kimetokea nini." Nikakaa kwenye benchi la korido, nikaandika habari ya komeo. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuiandika. Ya pili ni hii.

Bila cheti cha ndoa hawapokei. Nakuomba, Bibi.

Mjukuu wako

*

19 Februari

Chiriku,

Salamu baadaye. Cheti hiki hapa. Nimekifunga kwenye kitambaa changu cha kupigia pasi, kile chenye alama ya kuungua, dereva asije akakikandamiza na makreti.

Usidhani nimekubali. Sijakubali. Katika ukoo huu wanawake wamefiwa na waume, wamekimbiwa na waume, lakini kwenda kumshitaki mume serikalini, hilo unalianzisha wewe. Ila habari ya sufuria imenikaa kifuani. Juzi nimeunguza kola ya shati la mwalimu mkuu. Mimi! Mimi ambaye sijaunguza nguo ya mtu tangu mama yako ananyonya.

Jumapili mumeo alikuja. Nikamuuliza, "Ule mlango wenu, komeo liko upande gani?" Akacheka, akasema, "Bibi, mji umejaa wezi." Maneno yangu yaleyale niliyokuandikia. Sikupenda kuyasikia yakitoka mdomoni mwake.

Ule ushibe. Mtu mwembamba hakimu hamwoni.

Bibi yako

*

5 Machi

Shikamoo Bibi,

Natumaini hujambo na miwani imepata mkono wa pili. Mimi naendelea vizuri, nakula, usiwe na wasiwasi.

Shauri limepokelewa. Litasikilizwa tarehe 27 mwezi huu, asubuhi. Kuna jambo moja limekwama. Wito wa mahakama lazima umfikie mdaiwa mkononi, asaini nakala, nakala irudi kwa karani. Mimi siruhusiwi kumpa kwa sababu ndiye ninayedai, anatakiwa mtu mzima mwingine. Tarishi wa mahakama ameshakwenda karakana, vijana wanamwambia fundi katoka, na fundi mwenyewe yuko nyuma ya mapipa. Mahali pekee asipojificha ni kwako, Jumapili.

Bibi, wito nimeuweka humu, mpe mkononi, asaini, basi. Usimshauri, usimsikilize sana. Na tafadhali, usimwambie ninapolala. Mengine yote mwambie utakavyo.

Mjukuu wako

*

16 Machi

Kwa Chiriku,

Salamu zangu zikufikie. Mimi bado nadunda. Miwani bado ina mkono mmoja, sasa nimezoea, nikipewa wa pili nitaona vibaya.

Kazi yako imekwisha. Nakala iliyosainiwa hii hapa.

Alikuja saa zake zilezile. Nilimkaribisha chai kwanza, usininunie. Siwezi kumpa mtu kesi ana njaa, sikulelewa hivyo. Akanywa, akala mkate, tena mkate wenu huohuo wa bekari, nikamwambia, "Sasa futa mikono." Nikampa. Akasoma. Akazifinyanga karatasi za watu mpaka zikawa kama ndimu, akazitupa kwenye ndoo ya majivu.

Nikaziokota. Nikazipangusa. Nikatandika kitambaa mezani, nikazilaza, nikafunika kitambaa kingine juu, nikapitisha pasi ya vuguvugu, si ya moto, maana muhuri wa serikali ukipata moto unavuja wino. Yeye ananitazama tu. Nilipomaliza zilikuwa zimenyooka kama shati la bwana harusi. Nikampa tena.

"Bibi," akasema, "wewe uko upande wa nani?"

"Niko upande wa meza," nikamwambia. "Saini."

Basi akaanza kulia. Mwanaume mzima, mabega kama kabati. Akasema usingizi hapati, hajui mkewe analala wapi, kila akisikia habari ya mtu kaokotwa moyo unamruka. Akasema, "Nitasaini, Bibi. Niambie tu yuko wapi, nijue yuko salama."

Nikaona hilo si kubwa. Mtu anakupa, nawe unampa. Nikamwambia uko nyuma ya bekari, kwa mzee mwenye bata. Akafuta macho, akasaini vizuri kabisa, akanishukuru, akaniinulia na ndoo ya maji.

Najua ulinikataza. Ninyi watoto kila kitu mnataka kuficha. Mtu aliyelia mbele ya mkwe wake mzee na akasaini, huyo kinyongo kimemtoka.

Tarehe 27 vaa lile gauni la kijivu. Lipige pasi kwa ndani, lising'ae.

Bibi yako

*

1 Aprili

Chiriku,

Hujambo? Mimi sijambo. Tarehe imepita, sijasikia kitu. Hakimu alisemaje? Gauni lilikaa vizuri?

Jumapili hakuja. Nilikuwa nimeshachemsha maji.

Bibi yako

*

5 Aprili

Wewe,

Dereva anasema yuko na wewe kila siku hapo, amekuona ukipanga mikate kwenye makreti. Anasema alikuuliza kama una barua ya Bibi, ukatikisa kichwa.

Andika. Hata neno moja. Hata kama ni la kunitukana, nitalisoma.

Bibi yako

*

9 Aprili

Shikamoo Bibi,

Mimi mzima.

Tarehe 26 nilirudi kutoka zamu ya jioni, nikakuta mlango wa chumba changu ni mwingine. Wa chuma. Baba mwenye nyumba alikuwa amesimama pale anachekelea, akaniambia mume wangu ni mtu wa heshima sana, kauleta mwenyewe na kuufunga bure. Sikuhitaji kuambiwa ni nani. Katikati kulikuwa na ua. Ua la geti lako, Bibi, majani yaleyale.

Giza lilikuwa limeshaingia na sikuwa na pa kwenda. Nikaegemeza kiti, nikajiambia sitalala, kukipambazuka natoka. Kiti hakisaidii kitu kama komeo liko nje. Alfajiri nilipousukuma mlango, haukwenda.

Niliita. Baba mwenye nyumba hasikii. Mashine za kukandia zikishaanza huko bekari, hata mimi mwenyewe sijisikii. Dirisha ni dogo, la kupitisha mkono tu. Nilikuwa nimeshavaa gauni la kijivu. Nilikaa kitandani nikiwa nimelivaa.

Mwenzangu wa zamu, yule tunayemwita Mama Hamira, alikuwa ameahidi kunisindikiza. Alinisubiri mlango wa mahakama. Shauri likaitwa. Akasimama akasema mdai yuko njiani. Hakimu akamuuliza, wewe ndiye mdai? Hapana. Wakili wake? Hapana. Akaambiwa akae. Mume wangu alikuwepo, Bibi. Alifika mapema, kavaa shati jeupe, akamwambia hakimu, "Labda mke wangu amebadili mawazo." Shauri likafutwa kwa kuwa mdai hakufika.

Mama Hamira alikuja moja kwa moja kwangu kunisema. Alidhani nimeogopa. Akakuta komeo.

Ningekuwa na wakili angesimama akasema neno. Wakili wangu nilikuwa mimi, na mimi nilikuwa nimefungiwa.

Sikuulizi alijuaje ninapolala. Uliniandikia mwenyewe. Barua hiyo ninayo. Niliisoma nikiwa na furaha, Bibi, kwa sababu ya saini. Hapo kwenye bata nilipapita haraka, nikajiambia huenda asije.

Sina la zaidi.

Mjukuu wako

*

12 Aprili

Chiriku,

Nimesoma. Nimesoma tena.

Nakuja Jumatatu na gari la mikate, nimeshasema na dereva, nitakaa mbele. Chumba hicho usikilale. Lala kwa huyo Mama Hamira, au lala kwenye magunia ya unga, lakini chini ya mlango ule usipite.

Nenda kwa karani mnene. Muulize, kesi iliyofutwa hairudi? Nguo ikichafuka huwa tunaitupa? Muulize kinachotakiwa. Kama ni shahidi, Mama Hamira ameliona komeo. Kama anatakiwa na wa kusema fundi alijuaje chumba, huyo nipo.

Unataka niseme jambo humu. Humu sisemi. Jambo hilo si la karatasi, nitalisema nimesimama, mbele ya watu, na wewe ukisikia.

Nguo za watu nimezirudisha bila kupigwa pasi.

Bibi yako

*

20 Juni

Shikamoo Bibi,

Natumaini ulifika salama mara ya mwisho na magoti yamepoa. Kwangu kuzima. Nimehamia kwa Mama Hamira, chumba cha uani. Mlango ni wa mbao, unalia ukiufungua. Komeo liko ndani. Siku za kwanza nilikuwa naamka usiku kulifungua na kulifunga, kulifungua na kulifunga, mpaka Mama Hamira akasema nitalimaliza.

Hukumu imesomwa juzi. Hakimu amevunja ndoa. Mdaiwa hakuja. Nilisimama peke yangu, nikaulizwa kama nina la kusema, nikasema sina, halafu nikasema ninalo, nikasema ahsante. Mtu mmoja nyuma akacheka. Hati yenyewe nitaichukua wiki ijayo kwa karani.

Karani kila akiniona anauliza, "Wakili mzee hajambo?" Bado anasimulia siku ile ya kurejesha kesi. Hakimu alipokuambia ukae ndipo useme, ukamjibu kwamba magoti yako yakikaa hayasimami tena, utasema kwanza. Akakuuliza unahusikaje na shauri hili. Ukasema, "Mimi ndiye niliyemwonyesha njia ya chumba. Alilia nikamwamini. Binti alinikataza, nikajifanya najua kuliko yeye. Andika hivyo, usinitengenezee maneno." Karani anasema hakimu aliandika hivyohivyo.

Mimi nilikuwa nyuma yako. Uso wako sikuuona. Niliona mikono tu. Ilikuwa inanyoosha ukingo wa ile meza, inakwenda na kurudi, kama vile kuna kitambaa.

Tukirudi hukusema kitu, nami sikusema. Nasema sasa. Sijui kama kinyongo kimeisha. Siku nyingine naona kimeisha. Siku nyingine nasikia bata wa watu wakilia, nakikuta palepale. Lakini kuandika nitaandika.

Mjukuu wako

*

28 Juni

Kwa mjukuu wangu Chiriku,

Marahaba. Mimi mzima. Magoti nimeacha kuyataja, nikiyataja yanajiona.

Hukumu nimeisikia. Siwezi kukuambia nimefurahi, mimi si mtu wa kupigia ndoa vigelegele inapokufa. Nilikufungia mwenyewe ile kanga siku unatoka hapa. Lakini hata chai imeanza kuteremka sasa.

Kinyongo usinipunguzie kwa huruma, mimi si muuza nyanya. Kikae mpaka kiishe chenyewe.

Sasa nikupe habari. Jumapili fundi alikuja. Hakubisha hodi. Alikuja na kijitoroli chake na mtungi wa kuchomea, akaanza kukata bawaba za geti. Majirani wakatoka. Jirani wa mbele akapiga kelele, "Bibi, tuite watu?" Nikamwambia, "Muache, kitu ni chake." Nikaweka kiti changu barazani, nikakaa nikimtazama mpaka mwisho. Wala hakuniangalia. Alipolishusha, likaanguka kwa upande wa ndani, uso wa barabarani ukawa juu. Pale pembeni, Chiriku, kuna vipete viwili na kimoja kingine ukutani, vya chuma, vimechomelewa vizuri. Miaka yote nilidhani ni mapambo. Nilikuwa natundika hapo mifuko ya nguo za watu zilizokwisha pigwa pasi. Nilikaa nikaviangalia. Vilikuwa vinangoja komeo tu.

Aliondoka nalo. Kile cha ukutani kimebaki, nitamtafuta mtu akigonge kitoke.

Sasa mlango wangu ni pazia, nimelishona kwa shuka. Majirani wanasema nimerudi kwenye gunia. Usiku naogopa, sikufichi, nasikia kila paka. Fundi seremala ameahidi mlango wa mbao mwisho wa mwezi, nimemwambia komeo likae ndani, na achonge mbele yangu.

Hiyo hati ya talaka usimpe dereva. Juzi kaniletea mkate umekaliwa. Wala usiikunje. Njoo nayo wewe mwenyewe, siku yoyote, si lazima iwe Jumapili. Ukiwa huna la kusema tusiseme, nguo za kupiga pasi ni nyingi. Tutailaza mezani, tutaifunika kitambaa, pasi ya vuguvugu, nikuonyeshe jinsi muhuri unavyolindwa. Halafu utafungua sanduku langu kwa mkono wako uiweke pale kilipokuwa kile cheti kingine.

Bibi yako